Moyo wa Mbuzi kwenye Sinia

Kupasua mnyama kwa ajili ya masomo, nchini Tanzania, ni jambo la kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wa mchepuo wenye baiolojia, PCB au CBG, hupewa panya, chura au mende na kutakiwa aonyeshe mfumo wa chakula. Kabla ya hapo moyo na figo huwa michoro ya ubaoni tu. Inashangaza kidogo kwa mahali kama Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, kwa wafugaji wa Kisukuma, ambako mtoto wa shule ya msingi anajua nyongo na bandama zilipo kwa kuwa ameshika miguu ya mbuzi akichunwa. Anavijua viungo hivyo kama kitoweo. Hajaonyeshwa kazi zake.

Vielelezo vya maabara huhifadhiwa kwa fomalini. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Ferdinand Blum aliona ngozi ya vidole vyake imekakamaa kwa dawa hiyo, akatambua kuwa inaweza kukakamaza na kuhifadhi viungo. Hufunga protini zisioze. Lakini mvuke wake huchoma macho na koo, na imethibitika kusababisha saratani. Kwa upasuaji wa kujifunzia nyumbani haifai kabisa, na wala haihitajiki.

Bucha inatosha. Moyo wa mbuzi ununuliwe ukiwa na mishipa yake ya juu, maana wauzaji wengi huipunguza. Kabla ya kuupasua, maji yamiminwe taratibu kwenye mdomo wa aota, ule mshipa mnene kuliko yote: hutuama, hayashuki ndani, kwa kuwa vali zimejifunga. Kisha wembe upite upande wa kushoto, kutoka juu hadi nchani. Ukuta wa upande huo ni mnene mara kadhaa kuliko wa kulia, kwani kushoto husukuma damu mwili mzima, kulia husukuma hadi mapafuni tu. Ndani zinaonekana nyuzi nyeupe, nyembamba lakini ngumu, zilizoshika vali zisipinduke. Zikivutwa kwa kibanio, vali hujongea. Mchoro hauonyeshi hilo.

Samaki nao wanafika Simiyu kutoka Ziwa Victoria, kupitia mialo ya Busega. Sato ana matamvua mekundu, kibofu cha hewa kinachong'aa, na moyo wa vyumba viwili badala ya vinne vya mbuzi. Kambare akifunguliwa kando yake, juu ya matamvua hukutwa kiungo chenye matawi kama mti mdogo, cha kuvutia hewa. Ndiyo maana hukaa hai kwenye ndoo muda mrefu baada ya sato kufa. Kamongo amekwenda mbali zaidi: ana mapafu.

Kiungo cha kutunzwa huoshwa damu yote, kikatumbukizwa kwenye chupa ya spiriti ya duka la dawa na kufunikwa vizuri. Rangi hupauka, umbo hubaki. Spiriti hushika moto, basi chupa ikae mbali na jiko, iandikwe jina, na isirudishiwe chakula kamwe. Moyo uliopasuliwa ukiwa mbichi kwa wembe na sinia safi unaweza kwenda chunguni. Uliolowekwa kwenye spiriti, hapana.

Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe, achilia mbali kupasuliwa. Ng'ombe aliyekufa ghafla huenda ana kimeta, na mzoga wake ukifunguliwa, vijidudu hugeuka chembe sugu zinazokaa ardhini miaka mingi. Wa kuitwa hapo ni afisa mifugo. Wanyamapori nao wana sheria yao ya mwaka 2009, na Pori la Akiba Maswa haliko mbali: swala au ngiri si kielelezo cha nyumbani. Panya wa ghalani pia aachwe, kwani mkojo wake hubeba homa ya mgunda na huenda amekula sumu. Anayefaa kupasuliwa ni panya aliyefugwa kwa kazi hiyo, chini ya mwalimu.