Grisi haina umbo: vitu vya kuisha kwenye michoro ya CAD

Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti, kwa hiyo mfano wetu leo ni mashine ya kukamulia mafuta: ile yenye parafujo nene ya chuma inayozunguka na kuzibana mbegu mpaka mafuta yatoke. Mtu akiichora kwenye CAD, yaani programu ya kuchora na kuunganisha vipande kwenye kompyuta kabla havijatengenezwa, anapata fremu, parafujo, beringi, giaboksi, mota, bolti na nati. Halafu programu inahesabu kila kipande yenyewe na kumpa orodha ya vifaa, BOM kama wengi tulivyozoea kuiita. Bolti 24, beringi 4, mota 1. Safi.

Sasa mpe fundi orodha hiyo pamoja na hela ya kununua vilivyomo tu. Hamalizi kazi. Hana rodi za kuchomelea fremu, hana rangi ya kuzuia kutu, hana grisi, hana mafuta ya giaboksi, hana gundi ya kuzuia nati zisilegee kwa mtikisiko. Na kama karakana iliomba zabuni kwa bei iliyotoka kwenye orodha ileile, pengo lote hilo linatoka mfukoni mwake.

Sababu ni rahisi: CAD inahesabu maumbo. Grisi haina umbo. Inachukua umbo la mahali ilipopakwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekaa kuchora tabaka la gundi lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye kila uzi wa bolti. Faili litakuwa zito na programu itaanza kulalamika kwamba vipande vinaingiliana.

Wapo wanaochora kijiboksi kidogo, wanakiita "grisi", wanakificha kwenye kona ya mchoro ili kihesabiwe. Kinahesabiwa, ndiyo, lakini pia kinaongeza uzito wa uongo kwenye mashine, na siku ukikata mchoro kuonyesha ndani, kinajitokeza. Hakuna haja. Programu kubwa zina njia yake. Inventor ina kipande cha kufikirika, ambacho kina jina, namba na maelezo lakini hakina umbo lolote. Creo ina aina maalumu kwa ajili ya vitu kama rangi na gundi. Solid Edge nayo inakubali vipande visivyochorwa. Kitu kinaingia kwenye orodha kikiwa na namba yake kama bolti yoyote, ila kwenye skrini hakionekani.

Kazi ngumu inabaki kwenye safu ya idadi. Ukiingiza "grisi" tu, programu itaandika 1. Moja nini? Kopo? Kilo? Wamarekani kwenye michoro yao huandika AR, maana yake "kadiri inavyohitajika". Kwa fundi mzoefu inatosha. Kwa mtu wa manunuzi anayetakiwa kuandika namba kwenye fomu, haimsaidii chochote. Maoni yetu ni kwamba AR ibaki kwa vitu vya bei ndogo tu, kama utepe mweupe wa mafundi bomba. Vingine vipigiwe hesabu, maana mchoro wenyewe tayari una majibu.

Chukua rodi. Tuseme maungio ya fremu ni ya pembe, yenye mguu wa milimita 6, na kwa jumla yana urefu wa mita 8. Ukikata ungio hilo unaona pembetatu ya milimita za mraba 18. Mita moja ni sentimita za ujazo 18 za chuma, yaani gramu 141 hivi. Mita 8 ni kilo 1.13. Lakini rodi haigeuki yote kuwa ungio: kuna ganda lake, cheche, na kile kipande cha mwisho kinachotupwa. Ukikadiria kwamba asilimia 60 ndiyo inayobaki kwenye kazi, unahitaji karibu kilo 1.9. Hiyo ndiyo inaandikwa, kwa kilo.

Rangi nayo hivyohivyo. CAD inakupa eneo la nje mara moja. Mita za mraba 4, unene wa mikroni 80 ikishakauka, ni mililita 320. Kama nusu ya rangi ni kimiminika kinachoyeyuka na kwenda hewani, unahitaji mililita 640 za rangi mbichi, na kwa brashi na kinachomwagika, nunua kopo la lita moja. Mafuta ya giaboksi usiyakadirie kwa macho. Soma karatasi ya mtengenezaji.

Kuna mtego mmoja hapa. Grisi iwekwe ngazi gani? Ukiiweka ndani ya kikundi kidogo cha beringi na nyumba yake, tuseme gramu 10, na kikundi hicho kinatumika mara 4, programu inazidisha yenyewe: gramu 40. Vizuri. Lakini ukiandika "kopo 1" kwenye kikundi, utanunua makopo 4 kwa kazi ya gramu 40. Kipimo halisi kikae chini, kwenye kikundi. Kukadiria kwenda kopo zima kufanyike juu kabisa, kwenye orodha ya manunuzi.

Diski za grinda, thina, glovu na matambara je? Hivi havibaki kwenye mashine. Mteja hapokei diski. Sisi tungeviacha nje ya BOM na kuviingiza kwenye gharama za karakana, kwa sababu BOM inaeleza mashine ilivyo, siyo siku ilivyokwenda. Rodi zinaingia kwa kuwa chuma chake kinabaki, ingawa wapo wanaozihesabu upande wa karakana pia. Chochote utakachochagua, usihesabu pande zote mbili.

Parafujo yenyewe iko katikati. Ina umbo na imechorwa, lakini inaliwa. Mbegu zikija na mchanga, mchanga unaisaga. Hili siyo geni huku: wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza mwaka 1947, mchanga mkali kwenye udongo ulikuwa unamaliza zana za kilimo. Kwa hiyo kwenye safu ya maelezo andika kwamba parafujo ni ya kubadilishwa au kujazwa upya kwa kuchomelea, na utaje aina ya rodi ngumu ya kujazia. Hiyo rodi haihusiani na zile za fremu, na inastahili mstari wake.

Safu hiyohiyo ya maelezo ndiyo inayobeba usalama. Beringi iliyo karibu na njia ya mafuta ya kula inahitaji grisi ya daraja la H1, iliyoruhusiwa pale inapoweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Ukiandika "grisi" peke yake, duka litatoa ile ya magari. Na giaboksi nyingi husafirishwa zikiwa hazina mafuta ndani, kwa hiyo kwenye mstari wa mafuta ongeza maneno haya: "yajazwe kabla ya kuwasha". Mashine ikifika Kondoa au Mpwapwa, anayeipokea huenda hajawahi kumwona aliyeichora, na orodha ndiyo aliyo nayo mkononi.