Ukilala Dunguni Wakati wa Mavuno



Mpunga na mahindi yakikaribia kuiva, nguruwe mwitu hawakupi usingizi. Huna budi kwenda shamba kulinda. Usipolinda, utavuna nini? Basi sikuambii ulale nyumbani. Nataka uijue hatari iliyopo, na jinsi ya kuipunguza.

Kuanzia mwaka 1990 hadi 2004, simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Walijeruhi wengine zaidi ya 300. Wilaya za Rufiji na Lindi ziliumia sana. Mashambulio yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Kwa nini miezi hiyo? Nguruwe hufuata mahindi yako. Simba humfuata nguruwe. Na wewe umelala katikati yao, ndani ya kibanda cha nyasi. Wengine husema huyo ni simba wa kutumwa na mtu. Mimi naona nguruwe anatosha kumleta.

Tazama dungu lako. Je, lina ukuta? Simba hupasua nyasi na makuti kwa urahisi. Anaweza pia kuruka, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Jenga juu ya nguzo imara. Zungushia miti iliyosimama karibu karibu. Weka mlango unaofungwa. Chandarua usikiache, lakini kumbuka kwamba kinazuia mbu tu.

Uwe umepanda dunguni kabla jua halijazama. Watu wengi hushambuliwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Siku kumi zinazofuata mwezi mpevu ni mbaya zaidi. Siku hizo mwezi huchelewa kutoka, na giza huingia mapema. Simba naye ana njaa, maana kwenye mbalamwezi wanyama walimwona wakakimbia.

Je, ukibanwa na mkojo usiku? Usishuke. Weka kopo ndani. Si aibu. Na msilale mmoja mmoja.

Mtu akijeruhiwa, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi. Usiachie kila mara ili kutazama. Damu ikikoma, osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi, kwa dakika 15. Damu isipokoma, endelea kubonyeza huku mnampeleka zahanati. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu wala majani. Jino la simba huingia ndani sana. Nje utaona tundu dogo, kumbe uchafu umebaki ndani ya nyama, na baada ya siku chache ni usaha. Kwa hiyo hata jeraha dogo liletwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa atasafishwa, atapewa dawa ya kuua vijidudu, na sindano ya kuzuia pepopunda.

Kama aliyemwuma ni fisi, mwambieni mganga mara mfikapo. Fisi huweza kuwa na kichaa cha mbwa, na sindano zake ni nyingine.