Jaketi Lina Jina la Jenerali; Wapagazi Wetu Je?

Hivi majuzi nilikuwa safarini kutoka Homa Bay kwenda Migori, nikashuka Rongo kupumzika. Sokoni, mama mmoja muuzaji wa mitumba alikuwa ametundika jaketi fupi la khaki, lenye kuishia kiunoni, mifuko miwili kifuani na mkanda wa kulibana chini. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alilivaa, akajigeuzageuza mbele ya kioo, kisha akasoma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi. Kwa kuwa alimsikia mama yule akiniita "Japuonj", yaani mwalimu, alinigeukia kwa heshima akauliza: "Mwalimu, huyu Eisenhower ana kiwanda wapi?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa zito kuliko alivyodhani muulizaji.

Dwight Eisenhower hakuwa na kiwanda. Alikuwa jenerali wa Marekani, amiri mkuu wa majeshi ya muungano katika Ulaya ya Magharibi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye rais wa nchi yake tangu 1953 hadi 1961. Aliwaona askari wa Uingereza wamevaa blauzi fupi ya sufi, isiyokuwa na pindo refu la kunasa askari anapoingia na kutoka garini, akataka askari wake nao washonewe vazi la namna hiyo. Likatolewa rasmi mwaka 1944. Vita vilipokwisha, mafundi wa nguo za raia waliuiga mshono wake. Madereva, mafundi mitambo na vijana wapenda mitindo wakalivaa, na hadi leo yapo makampuni ya nguo za kazi yauzayo jaketi kwa jina hilo la jenerali.

Katika taaluma ya lugha tunajua kwamba neno huhama, na lihamapo huacha nyuma sehemu ya maana yake. Vazi nalo ni vivyo hivyo. Jaketi hili liliondoka jeshini likiwa na maana ya vita. Lilipofika Rongo ndani ya mtumba, lilikuwa na maana ya ujana tu. Kilichosalia ni jina la mkubwa, nalo limedhaniwa kuwa la mwenye kiwanda.

Msomaji ataniuliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Migori na Homa Bay? Yanatuhusu sana, kwa kuwa vita vilifika hapa kabla ya jaketi hilo kubuniwa. Mnamo Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakapita Karungu, katika Migori ya leo, yakielekea Kisii. Askari wa Keya waliotumwa kuwakabili walitoka Kisumu kwa meli, wakateremka Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo, wakaenda kwa miguu hadi Kisii, na mapigano yakatokea tarehe 12. Vita vilipohamia kusini, maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi. Walibeba risasi na chakula katika nchi ya Tanganyika, na waliokufa katika kazi hiyo, wengi wao kwa maradhi na njaa, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Katika vita vya pili vijana wetu walivuka bahari. Mwaka 1944 walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua na matope.

Hawa nao walirudi na mavazi, na mavazi yao yalizua maneno. Barack Obama, katika kitabu chake Dreams from My Father cha 1995, anasimulia habari za babu yake Hussein Onyango, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay. Alipokuwa kijana alirudi nyumbani amevaa suruali, shati na viatu, na baba yake akawaonya ndugu wa kijana huyo wasimkaribie, kwa kudhani suruali inaficha unajisi. Leo mzee asiye na suruali ndiye angeshangaza watu. Basi tusiharakishe kuwalaumu vijana kwa mitindo yao.

Lakini tazama majina yalivyogawanywa. Jenerali alipata jaketi. Kenneth Kaunda, rais wa Zambia tangu 1964 hadi 1991, alipata suti, ile iliyozua mjadala nchini kwetu mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa alipoipiga marufuku bungeni. Wapagazi je? Lugha iliwahifadhi bila majina yao. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya neno hilo Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Tunanunua vyondo na mboga katika kumbukumbu yao pasipo kujua.

Pale Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zimesimama tangu miaka ya 1920 sanamu za shaba za askari na wapagazi hao. Maandishi yaliyo chini yake yanawaahidi waliopigana kwamba, hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Nimesimama mahali pale mara nyingi. Ahadi imeandikwa, majina hayakuandikwa. Waliotoa ahadi hiyo walituachia sisi deni la kuitimiza.

Sisemi kijana yule alivue jaketi lake. Alilinunua kwa fedha yake na lilimkaa vizuri. Nasema walimu wenzangu tuna somo lililo tayari. Mpe mwanafunzi kazi ya insha wakati wa likizo: aulize nyumbani ni nani katika ukoo wao aliyekwenda Keya au Kariokor, alirudi na nini, na kama hakurudi, jina lake ni nani. Majibu hayo yaandikwe katika daftari moja la shule, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, Kikuria au Ekegusii. Waliowaona wazee hao kwa macho wanapungua kila mwaka, na mazishi hayasubiri muhula ufunguliwe.

Nilimjibu kijana yule kwa ufupi, kisha nikamuuliza kama kwao alikuwako mtu aliyekwenda vitani. Alifikiri kidogo. "Babu wa baba," akasema, "lakini sijui aliitwa nani." Akalipa, akaondoka na jina la Eisenhower ukosini.