Muda wa kuunganisha ndege

Muda wa kuunganisha ndege ni muda ulio kati ya kufika kwa ndege moja katika uwanja fulani na kuondoka kwa ndege nyingine ambayo abiria anatakiwa kupanda ili aendelee na safari yake. Katika safari za kimataifa muda huo unaweza kuwa chini ya saa moja au kuzidi nusu siku. Ukiwa mfupi, abiria anaweza kuachwa na ndege ya pili hata kama ya kwanza imefika kwa wakati, kwa sababu sehemu kubwa ya muda ulioandikwa kwenye tiketi huishia katika foleni na taratibu za uwanjani.

## Kiwango cha chini

Viwanja vikubwa vya ndege vina kiwango cha chini cha muda wa kuunganisha. Mifumo ya kuuza tiketi hukifuata, hivyo kwa kawaida haiuzi tiketi moja yenye nafasi ndogo kuliko hiyo. Kiwango hutofautiana kulingana na uwanja, jengo la abiria, na kama safari ni za ndani au za kimataifa. Katika uwanja wa Frankfurt nchini Ujerumani, kwa mfano, kiwango kinachojulikana ni dakika 45.

Kiwango hicho hupangwa kwa hali ya kawaida. Hakimhesabii mzee anayetembea polepole, mzazi mwenye watoto wadogo, wala mtu anayefika uwanja huo kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo muda unaoruhusiwa si lazima uwe muda unaotosha.

Mfano wa hesabu unaonyesha jambo hilo. Tiketi ikionyesha dakika 90, lango la ndege ya pili linaweza kufungwa dakika 20 kabla ya kuondoka. Kushuka kutoka viti vya nyuma kukichukua dakika 15, basi la uwanjani dakika 10, na foleni ya ukaguzi wa usalama dakika 20, zinabaki dakika 25 za kutafuta lango na kutembea. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa tu, hesabu yote inaharibika.

## Tiketi moja na tiketi mbili

Jambo linaloamua zaidi hatima ya abiria ni kama safari yote imo katika tiketi moja. Ikiwa imo, kampuni imeahidi kumfikisha mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni wajibu wa kampuni kumtafutia nafasi katika ndege nyingine bila kumdai nauli mpya. Mizigo pia kwa kawaida huandikishwa mara moja hadi kituo cha mwisho.

Abiria aliyenunua tiketi mbili tofauti hana ahadi hiyo. Kwa kampuni ya pili, yeye ni mtu aliyechelewa kufika, na tiketi yake inaweza kupotea. Mara nyingi analazimika pia kuchukua mizigo yake, kutoka nje na kuiandikisha upya. Tiketi mbili zinaweza kuwa na bei nafuu, lakini hasara ya kuchelewa inabaki kwa abiria mwenyewe.

## Safari kutoka Mkoa wa Mara

Mkoa wa Mara nchini Tanzania hauna uwanja wenye safari za kimataifa za ratiba. Abiria anayetoka Manyamanyama, mjini Bunda, anaweza kusafiri kwa barabara kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza, umbali wa takriban kilomita 150, kisha akapanda ndege hadi Dar es Salaam. Njia nyingine ni kuvuka mpaka wa Sirari na kwenda kwa barabara hadi Nairobi, Kenya.

Uwanja wa Dar es Salaam unaitwa kwa jina la Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara. Una majengo ya abiria yaliyotengana. Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, huhudumia safari za kimataifa, wakati safari nyingi za ndani hutumia Jengo la Pili lililojengwa miaka ya 1980. Anayebadilisha jengo hutoka nje na kwenda kwa gari. Kama mizigo yake haikuandikishwa hadi mwisho wa safari, huichukua kwanza, kisha hupanga foleni ya kuiandikisha tena. Kampuni nyingi hufunga uandikishaji wa safari za kimataifa takriban saa moja kabla ya ndege kuondoka.

Kwa hiyo mahali penye hatari zaidi kwa msafiri wa Mara huenda pasiwe Doha, Dubai wala Addis Ababa, ambako majengo yamepangwa kwa ajili ya watu wanaobadilisha ndege. Panaweza kuwa Dar es Salaam, hasa kama tiketi ya Mwanza ilinunuliwa peke yake. Wasafiri wengi huchagua ndege ya asubuhi kutoka Mwanza kwa safari ya usiku, au hulala Dar es Salaam siku moja kabla.

## Kusoma saa ya tiketi

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo. Saa 02:00 kwenye tiketi ni saa nane usiku, si saa mbili. Saa 20:00 ni saa mbili usiku.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tarehe. Ndege ya 00:40 tarehe 15 huondoka saa sita na dakika 40 za usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Anayefika uwanjani jioni ya tarehe 15 ameshaachwa kwa karibu siku nzima.

Saa zote za tiketi ni za mahali husika. Addis Ababa, Nairobi, Doha na Istanbul zina saa sawa na Tanzania, lakini Dubai iko saa moja mbele. Nchi nyingi za Ulaya hubadilisha saa zao mwezi Machi na Oktoba.

## Mizigo, viza na afya

Kipande cha karatasi kinachofungwa kwenye begi huwa na herufi tatu za uwanja ambako mzigo utashushwa. Anayekwenda London kutoka Mwanza akiona DAR badala ya LHR, mzigo wake utaishia Dar es Salaam.

Marekani kwa kawaida humtaka kila abiria apite uhamiaji na kuchukua mizigo katika uwanja wa kwanza anaofikia, hata kama anaelekea nchi nyingine. Mtanzania anayepita huko huhitaji viza. Anayeingia eneo la Schengen hukaguliwa pasipoti katika uwanja wa kwanza wa eneo hilo.

Kusubiri kwa muda mrefu nako kuna masharti yake. Abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Ethiopia au Kenya, anaweza kudaiwa cheti cha chanjo anapoingia Tanzania.

## Abiria anapoachwa na ndege

Abiria mwenye tiketi moja hutakiwa kwenda kwenye dawati la kampuni ya ndege kabla ya kununua tiketi nyingine, na kutunza kadi za kupandia na risiti za gharama. Ndege ikiwa bado angani na imechelewa, wahudumu wanaweza kuarifiwa mapema kuhusu wenye muda mfupi.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatambua madai ya hasara itokanayo na kucheleweshwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 hutoa fidia ya euro 250 hadi 600 katika hali fulani, kwa safari zinazoanzia katika Umoja huo au zinazoelekea huko kwa kampuni zake. Mwaka 2013 mahakama ya Umoja huo iliamua kuwa ucheleweshaji wa safari ya kuunganisha hupimwa kwa saa ya kufika kituo cha mwisho. Nchini Tanzania usafiri wa anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo hupokea malalamiko ya abiria.

## Tazama pia

- Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere
- Uwanja wa Ndege wa Mwanza
- Mkoa wa Mara
- Saa za Kiswahili