Saa ya Kuzaliwa: Istilahi na Tafsiri Yake

Watu hutafuta saa yao kamili ya kuzaliwa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kupigiwa hesabu ya nyota. Makala haya hayakusudii kupima ukweli wa unajimu. Yanakusudia kueleza jinsi saa hiyo inavyopotea katika maneno, hasa masimulizi ya wazee, kama wale wa Masasi na Newala, yanapofasiriwa kwa lugha ya kigeni.

Yafaa kwanza kutenga istilahi mbili. Falaki ni elimu ya mwendo wa nyota na sayari; unajimu ni kutabiri mambo ya watu kwa nyota hizo. Katika utabiri wa jadi wa pwani, nyota ya mtu huweza kukadiriwa kwa tarakimu za herufi za jina lake na la mama yake, wala saa haihitajiki. Unajimu wa nchi za Magharibi hutaka kujua buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Buruji ni 12, kuanzia Hamali hadi Hutu, na kila moja huchomoza kwa muda wa saa 2 hivi. Tunapendekeza istilahi *buruji chomozi*.

Kosa la kwanza la wafasiri ni la saa. "Saa mbili usiku" kwa hesabu ya Kiingereza ni saa 8 ya jioni. Mfasiri akiandika saa 2 ya usiku, amekosea kwa saa 6 mbele, au kwa saa 18 nyuma akiiacha tarehe ileile. Kwa vyovyote vile, buruji chomozi itahama kwa buruji 3 hivi.

Kosa la pili ni la siku. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Siku ya ofisini hubadilika saa sita usiku. Asiyeuliza huandika tarehe isiyo sahihi, na tarehe hiyo humfuata mtu shuleni, kazini na hata katika kustaafu. Usemi ulio wazi ni "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa".

Kosa la tatu ni kugeuza kipindi kuwa dakika. Bibi wa Newala anaposema kwamba mtoto alizaliwa majogoo, au wanawake walipokuwa wakiteremka bondeni kuteka maji, ametaja kipindi. Mfasiri asibuni saa 11 na dakika 15. Wala ushahidi wa namna hiyo usidharauliwe: aliyezaliwa jua likichomoza, buruji chomozi yake ndiyo buruji ya jua siku hiyo. Hapo neno la bibi ni sahihi kuliko saa iliyofasiriwa vibaya.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, maneno ya shahidi yaandikwe kama alivyoyatamka, kisha tafsiri ifuate. Pili, saa iandikwe pamoja na sehemu ya siku, na usiku utajwe kwa siku zake mbili. Tatu, mahali pa kuzaliwa patajwe, lakini saa isirekebishwe: Tanzania hufuata saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, ambapo Newala iko karibu na digrii 39, na tofauti hiyo ya dakika 23 hivi ni kazi ya mpiga hesabu, si ya mfasiri.