Fundi wa Ushahidi

Ndugu msomaji, ikiwa umeishi Kibiti, Bungu au Ikwiriri tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huenda unamkumbuka yule karani aliyekuwa akipiga hodi kila baada ya miezi minne, karatasi mkononi, akiuliza ni nani aliyezaliwa nyumbani kwako, nani aliyehama na nani aliyefariki. Kazi hiyo ilianza mwaka 1998 chini ya mradi wa afya uliojulikana kwa jina la TEHIP, nayo iliwahusu watu wapatao 85,000. Kwa hesabu za namna hiyo viongozi wa afya wa wilaya waliweza kuelekeza fedha kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua kweli, na katika muda wa miaka michache vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Jibu la mama mmoja mlangoni kwake lilikuwa na uzito huo.

Hata hivyo, karatasi ya miezi minne haina la kusema usiku ambao maji yanapanda. Kwa dharura ya namna hiyo alihitajika fundi wa aina nyingine, naye alipatikana miongoni mwa majirani zetu wa Kenya, katika siku zao za msiba.

Bwana David Kobia ni Mkenya mwandishi wa programu za kompyuta, ambaye wakati huo alikuwa akiishi katika jimbo la Alabama, Marekani. Kabla dunia haijamjua alikuwa amekwisha kuanzisha Mashada, baraza la mazungumzo katika intaneti ambamo Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walikutana. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ikawaka moto. Matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, uvumi ukachukua nafasi ya habari, na watu wakauawa. Tume ya Waki baadaye ilitaja idadi ya 1,133.

Tarehe 3 Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh aliuliza hadharani kama hakuna fundi awezaye kuonyesha katika ramani mahali palipotokea mauaji na uharibifu. Bwana Erik Hersman akamfikishia Kobia ombi hilo. Hazikupita siku nyingi mtambo ukasimama, nao ukapewa jina la Kiswahili: Ushahidi. Bibi Juliana Rotich naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Aliyeona jambo alituma habari zake, wengine wakazipima, kisha alama ikawekwa kwenye ramani ili kila mtu aione.

Hapa, msomaji, ndipo mimi ninapompimia mtu huyu. Mwezi huo huo wa Januari, Mashada ilikuwa imefurika matusi ya kikabila kiasi cha kutotawalika. Kobia akalifunga baraza alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe, na mahali pake akafungua ukurasa ambao jina lake lilikuwa na maana ya "Sina Kabila". Katika baraza la kwanza kila mtu alisema alitakalo. Katika Ushahidi mtu aliulizwa ameona nini, wapi na lini. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ufundi wowote wa mashine.

Waanzilishi wangeweza kuuza walichokitengeneza. Badala yake waliifanya kuwa programu huria. Programu ya kuuzwa hufanana na chakula cha hotelini: unakula na kulipa, lakini jikoni huingii. Programu huria hukufungulia jiko. Maandishi yanayoiendesha kompyuta yamewekwa wazi, ukitaka unayachukua bure, unayabadili na kuyatumia kwa haja zako.

Ndiyo maana tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, Patrick Meier, mwanafunzi aliyekuwa karibu na Boston, aliweza kufungua ramani ya maafa kwa msaada wa Kobia katika muda wa saa chache. Wahaiti waliokuwa ng'ambo wakatafsiri ujumbe wa Kikrioli uliotumwa kwa simu na wenzao waliokwama. Mwaka huo huo ramani ya namna hiyo, iliyoitwa Uchaguzi, ilitumika katika kura ya maoni ya Kenya na uchaguzi mkuu wa Tanzania. Jarida la teknolojia la chuo cha MIT likamtangaza Kobia kuwa mtu wa mwaka 2010 katika huduma kwa binadamu. Mwaka 2011 Wajapani nao waliitumia baada ya tetemeko lao.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalivamia makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Aliye mbali akisikia neno "mafuriko" hufikiri balaa tupu. Mkulima wa bondeni anajua kwamba maji yakija kwa kiasi na kuondoka kwa wakati wake, ndiyo yanayoacha tope la kilimo cha mlau. Ni yupi atakayemweleza mkuu wa wilaya kwamba safari hii maji yamepita kiasi, kama si yule anayeyaona yakipanda? Vijiji vya delta vimetenganishwa na mikoko na mikono ya mto, na kutoka Nyamisati kwenda vingine ni safari ya mashua inayongojea maji kujaa. Habari ikisafiri kwa chombo hicho hicho huwasili imechelewa.

Programu yenyewe haina bei. Gharama ipo kwenye simu yenye chaji na mtandao unaoshika, na kwenye kumpata mtu wa Msala au Kiongoroni atakayekubali kuamshwa usiku wa manane, atoke na taa, akahakikishe kama kweli maji yamefika shuleni.