FILTA YA DIZELI: BADILISHENI WENYEWE, MUOKOE MASHINE YA KIKUNDI



Vikundi vyetu vingi vina mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya dizeli. Mashine hiyo ilipatikana kwa michango ya miaka mingi, au kwa mkopo ambao bado unalipwa. Lakini mapato yakipungua, hatuulizi injini ina shida gani. Tunauliza nani amekula pesa.

Hebu tufikiri. Injini isiyo na nguvu husaga pole pole. Gorogoro zinazosagwa kwa siku zinapungua, dizeli inakwisha vile vile, na wateja wanahamia kwa jirani. Lawama zinamwangukia kijana wa mashine. Katika kikundi kimoja cha akina mama nilichotembelea, kijana alikuwa ameshasimamishwa kazi fundi alipofungua filta. Karatasi yake ilikuwa nyeusi kama masizi, na chini ya kikombe mlikuwa na maji. Kumbe mwizi alikuwa ni uchafu.

FILTA INAFANYA KAZI GANI?

Dizeli hutoka kwenye tangi, hupita katika filta, kisha huingia kwenye pampu ya dizeli. Pampu huisukuma kwa nguvu nyingi hadi kwenye nozeli, nayo nozeli huinyunyiza ndani ya injini. Vyuma vya ndani ya pampu na nozeli vimekaribiana sana. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inaweza kuvikwaruza. Maji huleta kutu.

Filta ni kama chujio la chai: hushika takataka, lakini ikijaa, hakuna kinachopita. Filta ni ya bei ndogo. Pampu ikiharibika, yaweza kumaliza akiba yote ya kikundi.

DALILI ZA FILTA ILIYOZIBA

- Injini inaunguruma vizuri bila mzigo, lakini ukimwaga mahindi inachoka au inazima.
- Mlio unapanda na kushuka.
- Inakataa kuwaka asubuhi.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Unatoka kwenye mtungi mchafu, kwenye tangi lisilofunikwa, na kwenye vumbi la unga. Maji nayo huingia wakati wa mvua, au hujikusanya usiku ndani ya pipa lililojaa nusu. Tena kuna wauzaji wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo. Filta haiwezi kuchuja mafuta ya taa, na hayo hayalainishi pampu kama dizeli. Nunueni mahali mnapopaamini, si kwa bei tu.

JINSI YA KUBADILISHA

Tayarisha spana zinazotoshea, beseni, kitambaa kisichotoa nyuzi, filta mpya na mipira yake. Nenda dukani na filta ya zamani, au namba yake, ili usiuziwe isiyofaa.

1. Zima injini, iache ipoe. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala moto karibu.
2. Funga koki ya tangi. Safisha filta kwa nje kabla ya kuifungua, vumbi lisianguke ndani.
3. Weka beseni chini. Fungua bolti, toa kikombe pamoja na filta ya zamani. Angalia kila mpira ulikaa wapi.
4. Osha kikombe kwa dizeli safi. Usitumie petroli, inashika moto upesi.
5. Weka filta mpya na mipira mipya iliyopakwa dizeli kidogo. Kaza kwa kiasi. Ukikaza kupita kiasi mpira utakatika.
6. Sasa toa hewa. Hapa ndipo wengi hukwama, wakadhani wameharibu injini. Fungua koki, legeza skrubu ndogo ya kutoa hewa juu ya filta. Dizeli itatoka na mapovu. Mapovu yakiisha, kaza. Fanya vile vile kwenye pampu.
7. Ikiwa bado haiwaki, legeza nati ya bomba la nozeli, zungusha injini kwa hendeli pole pole mpaka dizeli itoke, kisha kaza.
8. Washa, uangalie kama kuna mahali panapovuja.

TAHADHARI: Injini ikiwa inazunguka, usiweke kidole penye dizeli inayoruka kutoka kwenye nozeli. Nguvu yake hutoboa ngozi. Likitokea, mpeleke mtu hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dizeli chafu isimwagwe karibu na kisima wala mto.

Trekta na pikapu za zamani za dizeli hufuata njia karibu hii hii. Magari ya dizeli ya siku hizi yana nguvu kubwa zaidi katika mabomba, na ya petroli yana mafuta yanayoshika moto upesi. Hayo mwachieni fundi.

BADILISHENI LINI?

Fuateni kitabu cha injini. Kama kimepotea, anzeni na kila saa 250. Mashine inayofanya kazi saa 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha hizo kwa wiki 7 hivi. Andikeni tarehe katika daftari la mashine, lile lile la mapato. Mapato yakishuka, someni kurasa zote mbili kabla ya kumshtaki mtu. Haki ya mfanyakazi nayo ni maendeleo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Filta yetu ilibadilishwa mara ya mwisho lini? Nani anajua?
2. Ni wanachama gani wawili, mbali na kijana wa mashine, watakaojifunza kazi hii?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kabla ya kuchunguza? Tufanye nini kurekebisha?